Zege la Kumnenepesha Pius

Pius alikuwa mwembamba mpaka akikaa barazani na shati lake la kaki, wapita njia waliuliza nani kaanika shati bila kulibana. Utani huo niliuanzisha mimi, Mboni, kwa hiyo naurudia bila kuomba ruhusa ya mtu. Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja ya vyumba sita, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Chumba cha mbele nilikaa mimi na mume wangu Bakili, kuli wa bandarini. Chumba cha mwisho, kile kinachopakana na choo, alikaa Pius peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, kwao Masasi, na kazi yake ilikuwa utarishi katika ofisi moja ya serikali kule Posta. Kutwa alibeba mafaili kwa miguu kutoka ofisi hii hadi ile, akapanda ngazi, akashuka ngazi, akarudi nyumbani saa tisa akiwa amepungua tena.

Mimi kwetu Lindi, na yeyote aliyezaliwa ng'ambo ya Rufiji namhesabu mdogo wangu, atake asitake. Kwa hiyo Pius nilimjua ndani nje. Alikuwa mtu wa furaha tupu. Alipiga mluzi akifua, alipiga mluzi akipiga pasi, na Jumamosi aliwaandikia barua wazee wa mtaa bila kudai hata sumni. Kula alikula, msimsingizie. Sahani yake ya ugali ilimshinda hata Bakili anayebeba magunia. Sijui kilikuwa kinakwenda wapi. Alikuwa na mkanda mmoja wa ngozi, na kila mwaka aliutoboa tundu jingine kwa msumari, mpaka ncha ya mkanda ikawa inamzunguka na kuchungulia mgongoni.

Mwaka 1971 Pius alianza kuleta vitunguu nyumbani. Kimoja kila siku. Mimi nauza bagia na sambusa barazani, vitunguu ndiyo maisha yangu, nikajua ananiletea mimi ila anaona haya kunikabidhi. Siku moja nikaingia chumbani kwake kuazima ndoo, nikainama, nikakuta chini ya kitanda vitunguu hamsini na kitu, vingine vimeshaota majani.

"Pius, unalima?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia yote. Vitunguu alinunua kwa Mzee Onesphory, Mchaga wa Kibosho mwenye duka la jumla mtaa wa pili. Duka la jumla, nasema! Watu wanaingia kununua gunia, yeye anaingia kununua kitunguu kimoja, kwa sababu aliyesimama pale mbele akipima na kuandika ni Klara, binti wa Mzee. Na Klara, badala ya kumfukuza kama ilivyostahili, alikuwa akimchagulia kile kikubwa na kumfungia kwenye gazeti.

"Sasa mnaongea nini?" nikamuuliza.

"Tunaongea vitunguu, dada," akasema. "Lakini anavyoviongea yule, dada yangu, acha tu."

Baada ya Idd mwaka huo tulikwenda kuposa. Mshenga alikuwa Bakili, mimi nilikwenda kumkumbusha maneno, na Ndugu Sadalla, balozi wetu wa nyumba kumi, alikwenda ili jambo lionekane zito. Mzee Onesphory alitupokea dukani, katikati ya magunia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya pama na sauti ya mikutanoni. Na kweli mikutanoni alikuwa hodari. Kila Jumapili ya mkutano alisimama akasema sisi sote ni ndugu, hakuna cha kabila wala cha mkoa, na alipigiwa makofi. Sasa mtu wa namna hiyo hawezi kusema mbele ya balozi kwamba hataki mkwe wa kusini. Nilimwona akihangaika nalo neno hilo mdomoni, akalimeza. Akamtazama Pius juu mpaka chini, akapata jingine.

"Ndugu zangu, mimi sina neno na mtu yeyote," alisema. "Ila huyu kijana nikimwangalia naona msiba. Kule kwetu mlimani kuna upepo. Akienda kusalimia wakwe, tutamwokota Kenya."

Wanawake wa genge waliokuwa wananunua wakacheka. Mzee alipoona anachekewa akachangamka. Duka lake lilikuwa na mizani mbili za chuma, zile za kusimamisha gunia kwenye ubao na kusogeza jiwe kwenye mkono wake. Moja ilikaa mbele, ya kuwapimia wanunuzi. Nyingine ilikaa mlango wa nyuma, malori yanaposhusha mizigo ya wakulima. Sisi wote tulizijua na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini mtu mmoja ahitaji mbili. Akamshika Pius mkono, akampandisha kwenye ile ya mbele, akasogeza jiwe. Kilo hamsini na mbili.

"Akifika sitini," Mzee alitangaza, "kwa mizani ya duka langu, mbele ya mashahidi, Klara ni wake. Nampa mpaka siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Ikipita, Klara anapanda basi kurudi Kibosho. Kuna kijana kule anaitwa Gaudens, ana lori, ameshauliza mara mbili."

Klara alikuwa ameshika kalamu. Niliiona ikikatika. Pius alishuka kwenye mizani, akasema, "Shukrani, Mzee," akatoka anapiga mluzi. Tulipofika kona akaacha mluzi, akakaa kwenye ngazi ya duka la watu, akajifunika uso. Nikaona hasira inanipanda mpaka kwenye masikio. Nikamwambia inuka, mimi Mboni binti wa Lindi nitakunenepesha, na huyo mzee atakupokea kwa mikono miwili kwa sababu mmoja hautatosha.

Maneno ni rahisi. Wiki ya kwanza nilimlundikia ugali juu ya ugali, akatapika. Bakili naye akaleta elimu ya bandarini, mayai mabichi sita ndani ya bia. Sitasimulia matokeo yake, ila jueni kwamba chumba chake kupakana na choo kulikuwa bahati. Siku ya tatu Agnesi akatoka chumbani kwake. Agnesi alikuwa muuguzi wa zahanati moja na mpangaji mwenzetu, mtu wa maneno machache ila makali.

"Mnamnenepesha au mnamuua?" akauliza.

Akatukalisha uani akatueleza. Tumbo la Pius limezoea kiasi chake, alisema, ukilijaza zaidi linagoma. Na kutwa mtu anatembea, kila anachokula kinaishia kwenye soli za viatu. Dawa yake ni kinywaji kizito, kidogo kwa ujazo lakini kimebeba vitu vya maana, karanga, korosho, nazi, maziwa, matunda. Anywe mara tatu kwa siku, baada ya chakula wala si kabla, maana akinywa kabla atashiba ataacha kula. Maziwa yachemshwe. Mayai mabichi marufuku. Sukari tusiimwage, kwa sababu tutamtengenezea kitambi na miguu itabaki vijiti. Kisha alale mapema, na Bakili amfundishe kubeba vitu, ili kinachoingia kiwe nyama.

Kesho yake akampeleka zahanati kwake akampime vizuri. Akarudi akasema ana kilo hamsini kamili.

"Mzee alisema hamsini na mbili," nikamwambia.

"Mizani yetu inasema hamsini."

"Basi mizani yenu mbovu," nikasema. Nilikuwa na uhakika. Zahanati wanapima watoto wanaorusha miguu, wanaweza kujua nini? Mfanyabiashara anapima kutwa na anakula kwa mizani yake. Nikamwambia Agnesi kila akisoma aongeze mbili. Agnesi akanitazama, akaenda zake.

Sasa niwaambie habari ya kile kinywaji, maana nakionea fahari mpaka leo. Korosho zilitoka kwa shangazi yake Pius, zilifika na mzigo wa kusini. Tende zilikuwa za kwangu, zimebaki tangu Ramadhani. Alfajiri, baada ya sala, nilitwanga korosho na karanga za kukaanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta. Hapo nikatia tende zilizolala kwenye maji, na ndizi za kisukari mbili zilizoiva mpaka zina madoa. Nikatwanga tena. Nikakuna nusu nazi, nikakamua tui la kwanza tu, lile zito, la pili nikapikia mchicha. Halafu vyote kwenye sufuria ndefu pamoja na maziwa yaliyochemka na kupoa, iliki kidogo na chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Kisha nikashika upekecho, ule mti wenye meno chini, nikauzungusha katikati ya viganja mpaka mikono ikawaka moto na povu likapanda juu.

Siku ya kwanza Bakili alisimamisha kijiko katikati ya bilauri. Kijiko hakikulala.

"Hiki si kinywaji," akasema. "Hili ni zege. Leteni matofali."

Jina likakamata. Kufikia Jumamosi mtaa mzima ulilijua zege la Pius. Kinu changu kikianza, jirani wa kushoto anagonga ukuta, "Mboni, mjenzi ameamka?" Pius aligida bilauri moja baada ya chai ya asubuhi, nyingine akaibeba kazini kwenye chupa ya chai, ya tatu baada ya chakula cha jioni. Alifumba macho akainywa kama anaapishwa. Halafu akafumbua macho akasema, "Dada, hili jambo tamu!" Siku zote alisema hivyo hivyo kwa mshangao, kana kwamba jana hakunywa.

Wiki mbili zikapita. Mkanda wa Pius ukalegezwa tundu moja. Lakini Bakili! Bakili msuli wake wa kujifunga ukawa haumzunguki kiunoni. Mashavu yamevimba, shingo imejikunja mara mbili, kule bandarini wenzake wanamwita meneja. Mimi nikadhani ni heri ya ndoa. Alfajiri moja nikarudi ghafla uani kuchukua kijiko, nikamkuta mume wangu kaingiza kichwa ndani ya sufuria.

"Naonja," akasema, sauti ikitokea ndani. "Kama kuna sumu, nife mimi."

Nilimkimbiza na mwiko kuzunguka nyumba mara tatu. Mara ya nne nilishindwa kwa kucheka, yeye akashindwa kwa uzito, tukakaa chini wote wawili mlangoni kwa Agnesi. Tangu siku hiyo nilichora mstari wa mkaa kwenye sufuria kuonyesha zege limefika wapi. Na Bakili nikampa adhabu, kila Jumamosi na Jumapili ambebeshe Pius ndoo za maji na nusu gunia la mchanga uani, wapande na kushuka ngazi ya mlango wa nyuma mara hamsini. Wote wawili walitokwa jasho. Mmoja akawa anaongezeka na mwingine anapungua, nikaona sasa nyumba inakwenda sawa.

Klara naye hakukaa kimya. Alimtuma mchukuzi wa mkokoteni kuniletea vitunguu ambavyo sikuagiza. Chini ya vitunguu nikakuta maparachichi makubwa ya Kibosho, yamefungwa moja moja kwenye gazeti. Nikalitia moja kwenye zege, likawa kijani. Bakili akakataa hata kulitazama, na hiyo nayo ilikuwa faida. Lakini Pius, nilipomwambia parachichi limetoka wapi, alilamba bilauri mpaka nikaogopa ataitafuna.

Tarehe tisa Desemba nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, Pius alivaa suruali yake mpya mpya, maana yake ile ile ya zamani ambayo sasa ilikuwa imejaa. Zahanati ilisema hamsini na tatu. Nikaongeza mbili zangu, hamsini na tano. Krismasi ikamkuta hamsini na sita ya zahanati. Msimu wa maembe ukaingia, nikaacha ndizi nikatumia dodo, zege likawa la manjano na harufu yake ikawaleta watoto wa nyumba nne. Tuliimba tukitwanga. Sijawahi kufurahi namna ile kwa jambo lisilo langu.

Halafu katikati ya Januari Pius akapata malaria. Siku tano hakushika kitu. Alipoinuka kitandani mkanda ulikazwa tena matundu mawili, na Agnesi akasoma hamsini na tatu. Niliingia jikoni nikalia. Nalisema wazi, nililia kwa sauti, nikakitukana kinu na mbu wote wa Kariakoo. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Klara akipita mlangoni kwetu na kanga yake kichwani kama mke wa nyumbani.

Akapita kweli, siku hiyo hiyo, ila amejifunika na anatazama nyuma.

"Shikamoo, dada Mboni."

"Marahaba, mdogo wangu. Baba yako akikuona hapa?"

"Yuko benki." Akasimama mlangoni mwa Pius, akamtazama kwenye mkeka alipojipumzisha, hakuingia. Akamwambia, "Mimi nakutaka hata ukiwa kilo arobaini. Lakini baba anataka sitini, na nikipanda basi lile sitarudi. Kwa hiyo kunywa." Akageuka akaondoka.

Pius akakaa. "Dada," akasema, "zege lipo?"

Mwezi ule wa mwisho hatukuwa na mzaha. Zege mara nne. Bosi wake Pius, mtu mwema, akamruhusu kukaa mapokezi kupiga mihuri badala ya kutembea na mafaili, kwa sababu alishasikia habari na alitaka kujua mwisho wake. Agnesi alimpima kila Jumatatu. Hamsini na nne. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Siku moja kabla ya siku yenyewe akasema hamsini na nane. Nikaongeza mbili zangu, nikaruka juu. Sitini!

Jumanne ya mwisho kabla ya Majivu Pius alirudi kutoka kazini saa nane na nusu. Nilikuwa nimemwandalia bilauri nne kwa mpigo, za usalama.

"Huo si uzito," Agnesi alisema. "Huo ni mzigo."

"Leo tunataka mzigo," nikamjibu.

Akanywa zote nne. Akatembea kwenda dukani akiwa amejishika pembeni, hatua fupi fupi, Bakili upande huu, Ndugu Sadalla upande ule, mimi nyuma nikimwambia asicheke wala asikohoe. Duka lilikuwa limejaa, wanawake wa genge kama kumi na tano mbele ya mizani, Klara kasimama mahali pake. Alimwona Pius mlangoni akashika meza.

Mzee Onesphory naye alimwona. Nilimtazama Mzee usoni na niliona alichokiona. Mashavu, mabega, mkanda umefungwa tundu la kiwandani. Kofia ikamshuka kidogo. Akafikiri, kisha akasema kwa upole ambao sikuupenda, "Karibuni. Hapa mbele pana fujo, twendeni nyuma."

Tukapita katikati ya magunia mpaka mlango wa nyuma. Lori lilikuwa limeshusha mzigo, na mkulima mwenye vitunguu alikuwa amesinzia juu ya magunia yake. Wanawake wote walitufuata, nani angebaki? Pius akapanda. Mzee akasogeza jiwe taratibu, mkono wa mizani ukacheza, ukatulia.

"Hamsini na saba," akasema. "Pole, kijana. Umejitahidi."

Bakili akarudia, "Saba?" kama mtu aliyeamshwa. Pius alibaki tu amesimama juu ya ule ubao na mikono imening'inia, na mimi nikawaza miezi mitatu ya kutwanga na bado tumempoteza.

"Baba," Klara alisema kutoka nyuma yetu. "Novemba ulimpima mbele."

"Mizani ni mizani," Mzee akajibu.

"Kama mizani ni mizani, basi hata mbele ni sawa. Njoo, Pius."

Mzee alifungua mdomo, lakini wanawake walikwishageuka, na kuwazuia wauza genge kumi na tano si kazi ya mtu mmoja. Pius akarudi mbele kwa hatua zake fupi, akapanda. Klara mwenyewe akasogeza jiwe. Alilisogeza polepole ili kila mtu aone.

"Sitini na moja," akasoma.

Ndugu Sadalla akainama akahakikisha. "Sitini na moja," akasema.

Vigelegele vilikwama njiani. Nilijiona nikitazama mizani ya mbele, halafu nikageuka kutazama ile ya nyuma, na nikawaona wenzangu nao wanageuka vile vile. Mama mmoja mnene muuza genge wa Magomeni akanyanyua kidole.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kilo nne zimetoka wapi?"

Hapo ndipo ile mizani ya zahanati iliponijia. Haikuwa mbovu hata siku moja. Mbili nilizokuwa nikiongeza kila Jumatatu kwa raha zangu zilikuwa mbili za Mzee Onesphory, anazoziongeza kwenye kila mzigo anaouza. Na kule nyuma anazipunguza kwa wakulima. Miaka minane nanunua vitunguu pale! Damu ilinichemka, nikataka kumrukia. Lakini nikakumbuka Pius yuko juu ya mizani hiyo hiyo ya uongo na imesema sitini na moja, nikataka kuibusu. Sikujua nifanye lipi kwanza.

Klara akafunga daftari lake. Alisema kwa heshima, sauti ya chini, binti aliyelelewa.

"Baba, mizani mbili haziwezi kusema kweli zote. Duka ni lako, sisi hatujui. Tuambie mbele ya hawa mama zangu ni ipi ya kuaminiwa. Ukisema ya nyuma, mimi napanda basi la Moshi kesho asubuhi, sitalia. Ukisema ya mbele, Pius amefika."

Mzee akatazama mbele, akaona wanawake kumi na watano, wengine wameshaweka mikono viunoni. Akatazama nyuma, akaona mkulima mmoja, tena anakoroma. Jasho likamtoka chini ya kofia.

"Mzee wangu," Pius akasema kwa taabu kutoka juu ya mizani, miguu ameibana, "nakuheshimu sana, lakini naomba tuharakishe."

Mzee Onesphory akavua kofia. Akaipiga mizani ya mbele kiganja, kwa sauti ile ya mikutanoni akasema, "Mizani hii haijawahi kusema uongo! Sitini na moja! Kijana, mchukue mchumba wako."

Vigelegele vikapasua bati. Klara akafungua mikono, na Pius akaruka kutoka kwenye mizani, akampita mchumba wake, akampita mkwe wake, akakimbilia choo cha uani. Tulimsikia akipiga mluzi humo ndani. Klara alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, mimi nilikuwa nimemkumbatia na sikuweza kujua, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Walioana baada ya Pasaka. Pius alinikabidhi ule mkanda wenye matundu ya msumari, nikauning'iniza ukutani juu ya kinu. Gaudens alileta ndizi za harusi kwa lori lake na akacheza kuliko watu wote. Ndugu Sadalla alikuwa na mazungumzo mafupi na Mzee, milango imefungwa, na baada ya hapo mizani ya mbele ikaitiwa fundi. Ya nyuma fundi alisema atarudi wiki inayofuata.

Kabla hajarudi nilikwenda kununua gunia langu la vitunguu, gunia la kilo hamsini. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, ya miaka minane. Mzee aliponiona alinyanyua mkono nisiyaanze. Akanipeleka mlango wa nyuma, akasimamisha gunia kwenye mizani ile ya kununulia, akamimina vitunguu. Akamimina. Gunia likajaa likafura, mkono wa mizani bado umelala. Akaongeza kwa makopo, akashindilia kwa ngumi, mpaka mwishowe mkono ukainuka ukasoma hamsini.

"Mzee," nikamuuliza, "hizi ni kilo ngapi kweli?"

Akachungulia dukani kama kuna anayesikia, akavuta kofia.

"Mama, umeninenepeshea mkwe," akasema. "Usiulize. Beba."

Nikabeba.